Kamera ya Mwembeni

Jumatatu, 2 Desemba 2024
Mwaitu, yaani mama, amepiga simu kutoka Kathonzweni. Mwizi amepita tena usiku. Amechuma Apple na Kent, embe za kienyeji hakuzigusa. Nimemwambia nitamletea kamera. Ameuliza kama inabweka.

Jumanne, 3 Desemba
Dukani, Kitui mjini. Muuzaji alitaka kujua kama nahitaji megapikseli mbili au tano. Nikasema tano, kwa sababu ni nyingi kuliko mbili. Akauliza habari za stima. Ipo, ikipenda. Intaneti? Ukisimama juu ya kichuguu. Akairudisha kwenye boksi ile ya nyaya, yenye kamera nne na mashine yake ya kurekodi: hiyo haihitaji intaneti ili irekodi, ila stima ikikatika nayo inalala. Ya umbo la balbu ni rahisi, lakini inataka Wi-Fi, na mwembeni kwetu hakuna Wi-Fi wala pa kufunga balbu. Ikabaki ya sola, yenye betri, kadi ya kumbukumbu ya GB 64 na nafasi ya laini ya simu. Shilingi 6,500. Jua ndilo zao pekee ambalo halijawahi kutuangusha Ukambani.

Jumamosi, 7 Desemba
Matatu, kisha boda, boksi magotini. Fundi alikuja bila ngazi. Jirani ametuazima yake, akaishikilia mwenyewe, akauliza kamera inaona mpaka wapi na haioni wapi. Fundi alimweleza vizuri sana.

Tumeifunga kwenye nguzo upande wa mashariki, ikitazama mwembe. Kufika saa kumi na mbili jioni ikawa inatazama jua.

Jumatatu, 9 Desemba
Nimerudi Kitui. Simu imelia usiku kucha. Arifa 147, zote zikisema mtu ameonekana. Mtu huyo alikuwa mtego wa nzi wa matunda, ule mkebe wa plastiki tunaouning'iniza mtini, ukibembea kwa upepo. Kuanzia saa nane alikuwa buibui. Gizani kamera humulika kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Buibui akikaa mbele ya lenzi, mwanga ule hurudi mweupe, naye huonekana na ukubwa wa ndama. Nilimtazama dakika arobaini nikimshuku. Bando la wiki limeisha.

Jumanne, 10 Desemba
Jirani amemlalamikia mwaitu kwamba kamera inaona bafu lake la mabati. Nimenunua bando jingine, nikafungua. Kweli inaona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humwachia mtu mambo ya nyumbani kwake, na bafu la jirani si nyumbani kwangu. Nimemwomba mwaitu aigeuze kidogo. Ameigeuza kwa upembo wa kuangulia maembe. Sasa inaona mawingu na tawi moja.

Ijumaa, 13 Desemba
Maembe kumi na manne hayapo. Jirani amekuja kumpa mwaitu pole akiwa na embe mkononi, Apple. Kwake kuna mipapai tu. Kamera imetupatia picha safi ya mwewe.

Ijumaa, 20 Desemba
Mwaitu ameuza maembe yote kwa dalali, yakiwa bado mtini. Wavunaji walikuja na lori. Kamera ilirekodi turubai la lori kwa saa tatu. Sehemu ya pesa amenunulia mbwa. Nimemsikia kwenye simu.

Jumatano, 25 Desemba
Nyumbani kwa Krismasi. Mbwa hanijui. Nimekaa nje ya lango mpaka mwaitu alipotoka jikoni.

Jumapili, 29 Desemba
Nimesharudi Kitui. Mwaitu amenipigia kutoka kanisani. Ameacha nguo kwenye kamba, anataka nimwangalizie kwenye kamera kama mawingu yamefika juu ya boma. Ni swali la kwanza ambalo kamera ile, kwa inavyotazama sasa, ingeweza kulijibu. Nimefungua programu. Bando limeisha jana.

Nguo zimenyeshewa.