Mhadhara Kuhusu Kome wa Mediterania kwa Manufaa ya Wakazi wa Munanila

Kome wa Mediterania, aliyepewa jina la kisayansi la Mytilus galloprovincialis na Mfaransa Lamarck mwaka 1819, ni mnyama laini wa baharini anayeishi ndani ya magamba mawili meusi, na ndiye kiumbe ambaye wakazi wa Munanila wamekaa bila kuelimishwa juu yake kwa muda usiosameheka. Kwamba Munanila iko katika nyanda za juu za Kigoma, takriban kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, hakupunguzi uzito wa mhadhara huu bali kunauongeza, kwa kuwa mtaalamu ambaye hajapata kumtia kome machoni hawezi kushukiwa kwamba anampendelea.

Elimu ya kome inaanzia kwenye nyuzi zake, ambazo huzitengeneza kwa utomvu wa mguu wake ili ajishikize mwambani, na inaendelea kwenye uzazi wake, maana mayai humwagwa majini kwa mamilioni, na watoto huelea kwa wiki kadhaa wakichukuliwa na mikondo kabla ya kupata pa kushika. Wafugaji wa Ghuba ya Saldanha, Afrika Kusini, waliona neema katika tabia hizo, wakatundika kamba chini ya chelezo, na kome akazishika mwenyewe na kujilisha kwa kuchuja vijimea vya majini, pasipo mtu kumnunulia pumba. Hata hivyo, kome huyo si mwenyeji wa huko: aligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, akasambaa katika miamba inayopigwa na mkondo baridi wa Benguela, akamsukuma pembeni kome wa asili, na leo yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, yaani viumbe waliofikishwa ugenini wakazagaa na kuwadhuru wenyeji. Kutokana na hayo mtaalamu anatangaza, kwa unyenyekevu wa kiasi, kwamba sifa zinazomfanya kiumbe afugike kwa urahisi ndizo zinazomfanya avamie kwa urahisi.

Hatari kwa Munanila ni dhahiri. Mvua ya nyanda hizi huingia mto Malagarasi, Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, ziwa hutoka kwa mto Lukuga hadi mto Kongo, na Kongo humwagika Atlantiki. Kwa hiyo Munanila ni kijiji cha pwani ya Atlantiki kilichocheleweshwa na miteremko. Kwamba kome angelazimika kupanda maporomoko na kuvumilia maji yasiyo na chumvi ni suala la kiufundi, litakaloshughulikiwa na Kamati ya Kudhibiti Kome baada ya wajumbe kulipwa posho na kurejea kutoka ziara ya mafunzo huko Saldanha.

Wapo watakaodai kwamba mfano wa karibu ni sato, samaki wa mabwawani aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, ambako yeye na sangara walimbana ngege wa asili hadi akakaribia kutoweka katika ziwa hilo, na kwamba Malagarasi nao una perege wake wasiopatikana kwingine, hivyo kila bwawa la mtoni lingehitaji ukuta imara na wavu kwenye mfereji wa kutolea maji. Hoja hiyo haina hadhi ya kitaaluma, kwa kuwa wavu hununuliwa gulioni, hufungwa na mwenye bwawa mwenyewe, na hauhitaji kamati.