Shajara ya Mtunza Nyimbo

Jumatatu

Meneja ameagiza kichujio cha kipindi cha zilipendwa: muziki wa dansi, kabla ya 1980, usiozidi dakika tano, maana matangazo ya biashara yameongezeka. Programu imetii. Imeleta nyimbo nusunusu. Santuri ndogo za enzi zile hazikumeza wimbo mzima wa dansi. Upande wa kwanza mashairi, ukigeuza ndiyo unapata chemko. Saa tano tumerusha sehemu ya pili ya wimbo ambao sehemu yake ya kwanza hatuna. Msikilizaji amepiga simu kuuliza yule mwanamke alikosa nini hasa. Hatujui.

Jumanne

Mdhamini mmoja, mtu mzima, ametaka saa nzima ya jazz, ile ya Wamarekani, kwa siku ya kuzaliwa ya mkewe. Nimechuja kwa neno "jazz". Zimekuja NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz. Nikabana zaidi: neno litafutwe kwenye aina ya muziki tu, jina la msanii liachwe. Zimerudi zilezile. Aliyeziingiza kwenye kompyuta alisoma jina la bendi akaamini. Mke wa mdhamini amecheza mpaka mwisho. Mdhamini amelipa nusu.

Jumatano

Kichujio cha bendi moja. Ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Majina manne yameungwa kwa AU, mwishoni NA "kabla ya 1980". Programu hushughulikia NA kwanza, kwa hiyo sharti la mwaka limemkamata Msondo Ngoma peke yake. Wale watatu wamepita na miaka yao yote. Dawa ni mabano. Kwenye kibodi ya ofisi, bano la kufunga ni zima, la kufungua limekufa. Nimelinakili kutoka kwenye barua ya onyo niliyoandikiwa mwezi uliopita. Imenifaa.

Alhamisi

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Kwa mujibu wa programu, alitoa nyimbo zake mwaka 2009, ule ambao santuri zake zilinakiliwa hapa. Kichujio cha "kabla ya 1980" hakimtambui kabisa.

Nimemtafuta kwa bendi yake ya mwisho, "Volcano". Hakuna kitu. Lebo za kizamani za MP3, za mwaka 1996, zinampa msanii nafasi 30 tu za herufi, na nafasi tupu zinahesabiwa. "Mbaraka Mwinshehe na Orchestra" inajaza 30 kamili. Super Volcano wamebaki nje ya mlango na magitaa yao.

Ijumaa

Zamu ya taarab. Lebo hizohizo zilikuja na orodha ya aina 80 za muziki. Polka imo. Taarab, ambayo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kuirekodi mwaka 1928, haimo. Basi faili za taarab zimeachwa bila aina. Dada anayetangaza kipindi akasema tuchuje kwa kukataa: si dansi, si injili, kitakachobaki ndicho chake. Kilichobaki ni kila kisichoandikwa aina: taarab, tangazo la magodoro, mahubiri ya Pasaka, na meneja akijaribu maikrofoni kwa dakika tatu. Meneja ameingia hewani mara tu baada ya Culture Musical Club. Sauti yake imetoka safi.

Jumamosi

Meneja anauliza kama ipo programu bora zaidi. Ipo, na itasoma miaka hiyohiyo na aina hizohizo. Kinachotakiwa ni mtu akae aandike mwaka, bendi na aina, faili moja baada ya nyingine, akiwa na jalada la santuri mkononi. Majalada yetu yalikwenda na panya.

Msomaji, kama unalo jalada lenye mwaka ulioandikwa, lipitishe redioni tulinakili, utarudishiwa. Mwenye sehemu za kwanza asisubiri kuitwa. Yule msikilizaji bado anapiga simu.