Magazijuto

Daftari la mpwa wangu limerudi leo limepigwa X nyekundu, na chini yake mwalimu ameandika: "Mtoto asisaidiwe tena nyumbani." Hapa nyumbani msaidizi ni mimi peke yangu.

Swali lilikuwa 20 − 8 + 5. Mtoto alikuwa ameandika 17 kwa penseli. Nikamfutia.

"Magazijuto inasemaje?"

Akaimba: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.

"Enhee. Jumlisha inatangulia toa. Nane na tano, 13. Ishirini toa 13, saba."

"Lakini mjomba..."

"Hisabati haina lakini." Nikaandika 7 kwa peni na kuipigia mistari miwili chini.

Nimeikodolea macho ile X mpaka chai imepoa, na kumbe jambo lenyewe ni tamu. Magazijuto ina maneno matano ila ngazi tatu tu. Mabano yako juu peke yake. Gawanya na zidisha wanakaa ngazi moja, jumlisha na toa ngazi moja. Wa ngazi moja, anatangulia aliye kushoto. Ile alama ya kutoa ni ya 8, haimhusu 5 hata kidogo. Gari la Lupembe kwenda Njombe lina abiria 20. Njiani wanashuka 8, wanapanda 5. Kwa hesabu yangu, hao 5 waliopanda nao wameshushwa, na nauli wamelipa.

Kuna utamu zaidi. Ukigawanya kwanza ndipo uzidishe, hukosei kamwe: 24 ÷ 4 × 2 ni 12. Wamarekani, kwa PEMDAS, ndiyo Magazijuto yao, wametanguliza kuzidisha, kwa hiyo anayekariri kama kasuku kule anapata 3. Ukitoa kwanza ndipo ujumlishe, vilevile hukosei. Kwa hiyo silabi zote zilipangwa vizuri isipokuwa mbili za mwisho. Wangeiita Magazitoju, mimi leo ningekuwa mtu wa heshima. Ni nani aliyetuuzia "juto", tena kwa wimbo?

Kugawanya kwa njia ndefu tuliachana nako tangu swali moja lilipobakiza mbuzi watatu wasio na mwenyewe. Maswali ya sehemu, mtoto ananificha.

Kinachoniuma ni kwamba kwenye mizani tunakopimia majani yetu ya chai, makarani kanuni wanaijua barabara: wanaanza na toa. Uzito wa gunia, toa. Sawa, gunia halinyweki. Kisha umande, toa, na umande haupimwi kwa chochote, unakadiriwa kwa jicho la karani. Kujumlisha kunafuata mwisho wa mwezi, kukiwa kumebaki cha kujumlisha. Juzi nilipeleka majani saa tisa alasiri, jua limewaka tangu asubuhi. Karani akakata kilo mbili.

"Za nini, mwanangu?"

"Umande, mzee."

"Saa tisa?"

"Mzee, kanuni ni kanuni. Anayefuata!"