Mbona Watu Wanatetemeka?

Katika ukoo wetu hakuna aliyesomea kazi ya video. Unanunua kamera, habari zinawafikia ndugu kabla hujaitoa kwenye boksi, na tangu siku hiyo wewe ndiye mtu wa video: sendofu, kipaimara, arobaini ya mtoto, mahafali ya chekechea. Malipo ni sahani ya pilau, nayo huletwa wakati mikono yako yote miwili imeshika kamera, na aliyeileta anasimama palepale akikutazama kwa lawama kwa nini huipokei.

Yangu ni kamera isiyo na kioo ndani, zile ambazo wauzaji wa Kariakoo wanaziita mirolesi. Ina vitufe vingi kuliko redio ya mganga wa kienyeji, lakini mwenye sauti ya mwisho juu ya vitufe hivyo si mimi. Ni shangazi.

Shangazi anaishi Tabata. Kila video ya ukoo inapitia kwake: anaketi mbele ya televisheni, miwani puani, rimoti mkononi, anaitazama mwanzo hadi mwisho bila kurusha, hata hotuba ya mwakilishi wa kamati. Kisha anatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia. Maneno “spidi ya shata” hajawahi kuyasikia na hana mpango wa kuyasikia. Ila kila anacholalamikia, ukikikalia chini na kukichambua, ni spidi ya shata. Ananipa majibu ya maabara kwa lugha ya uswahilini, kazi yangu ni kuyageuza kuwa tarakimu.

Ujumbe wa kwanza ulihusu sendofu ya binamu yangu. Matarumbeta walikuwa juu ya pikapu, jua la saa saba mchana, akina mama wanaserebuka nyuma ya gari mpaka vumbi linaomba radhi. Shangazi alikuwa mstari wa mbele. Baada ya kuitazama video, sauti yake ikaingia kwenye grupu, taratibu, ya mtu aliyeumia: “Mimi nilicheza kwa madaha. Mbona watu wanatetemeka? Huyo aliyepigwa shoti ni nani, kavaa gauni langu?”

Alikuwa na haki. Kiuno chake kwenye video kilikuwa kinatoka kushoto na kufika kulia bila kupita katikati.

Kilichotokea ni hesabu tu. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni yao ya jua kali: fungua tundu la lenzi kwenye f/16, halafu spidi ya shata iwe sawa na ISO, yaani wepesi wa filamu kunasa mwanga. Kwa ISO 100, unapata moja ya mia ya sekunde. Lenzi yangu ilikuwa wazi hadi f/2.8, yaani ngazi tano zaidi, na kila ngazi inaongeza mwanga maradufu. Kamera ilikuwa kwenye hali ya kujichagulia, kama ilivyotoka kiwandani. Ikajichagulia: sekunde moja ikatwe vipande 3200, kila fremu ipewe kipande kimoja. Kwa picha ya mnato hiyo ni zawadi, unaweza kuhesabu kope za nzi. Kwa video inayokwenda fremu 25 kwa sekunde, maana yake ni kwamba kila fremu imemdaka shangazi kwa muda mfupi kabisa, halafu kamera ikafumba macho kwa muda uliobaki mpaka fremu inayofuata. Safari ya kiuno haikurekodiwa. Kilichorekodiwa ni vituo.

Aliyeathirika zaidi ni mpiga ngoma wa matarumbeta. Fimbo zake, badala ya kuacha ule ukungu ambao jicho limezoea kwa kitu kinachokwenda kasi, zilionekana zimesimama hapa, pale na kule, zote zimekolea, mpaka ungeapa jamaa ana mikono mitatu.

Binamu mwingine, mpenzi wa sinema, akaandika kwenye grupu kwamba video imemkumbusha Saving Private Ryan. Alidhani anatania, kumbe kagusa penyewe. Mwaka 1998 Steven Spielberg na mpigapicha wake Janusz Kamiński waliamua kwa makusudi kubana shata kwenye mapigano ya ufukweni Normandy, ili kila chembe ya mchanga ionekane na mtazamaji akose raha. Kamera za filamu zilikuwa na kisahani kinachozunguka mbele ya filamu. Kikikatwa nusu duara, nyuzi 180, kila fremu inapata mwanga kwa nusu ya muda wake. Kwa fremu 24 ni moja ya 48 ya sekunde, na hiyo ndiyo sura ya mwendo ambayo macho yetu yamelelewa nayo kwenye majumba ya sinema. Wao walishuka hadi nyuzi 90, na mahali pengine 45, ambazo ni takriban moja ya 192. Sasa chukua sendofu yetu uigeuze kuwa nyuzi: hazifiki tatu. Wale walikuwa wanashuka pwani chini ya risasi. Sisi tulikuwa tunampeleka binti ukumbini Sinza, na tuliwapita kwa ukali.

Basi nikatoa kamera kwenye kujichagulia, nikaiweka M, yaani nachagua mwenyewe, nikafunga shata kwenye moja ya 50. Kwa fremu 25 hiyo ni nusu ya muda wa kila fremu, nyuzi 180 zilezile za wazee wa sinema. Kiuno kitapita katikati.

Kiuno kingepita katikati kama kingeonekana. Kutoka moja ya 3200 kushuka hadi moja ya 50 ni kuongeza mwanga maradufu mara sita, na picha yote ikawa nyeupe, watu wametoweka, yamebaki matairi ya gari tu. Dawa ya hilo si siri: filta ya ND mbele ya lenzi, kioo cheusi kinachopitisha sehemu moja kati ya 64 ya mwanga. ISO huwezi kuishusha chini ya sakafu yake, na ukibana tundu la lenzi unaipoteza ile nyuma laini ambayo ndiyo iliyokufanya ununue lenzi ya bei mbaya. Kwa hiyo harusi ya binamu huyohuyo ilipokaribia nilipeleka maombi kwenye kikao cha kamati.

Mweka hazina ni mjomba wangu, mhasibu mstaafu, mtu anayehesabu hadi vijiti vya meno.

“Mjomba,” akaniambia, kalamu ikiwa hewani, “lenzi uliinunua ghali kwa sababu gani?”

“Kwa sababu inaingiza mwanga mwingi, mjomba.”

“Na sasa unaomba hela ya nini?”

“Ya kioo cha kuuzuia.”

Kikao kizima kikanyamaza kwa heshima, kama vile watu wanavyonyamaza mgonjwa anapoanza kuweweseka. Mjomba akapiga mstari kwenye daftari, na pale palipokuwa na filta pakaandikwa kreti mbili za soda. Mpaka leo sina jibu zuri la kumpa. Ukilisema kwa sauti jambo lenyewe ni la kichaa: unalipa kufungua dirisha, kisha unalipa tena kununua pazia.

Nikaazima filta kwa rafiki, ya aina ile inayozungushwa. Hizi zina vioo viwili vinavyochuja mwanga kwa mwelekeo. Ukizungusha kimoja, giza linaongezeka. Tatizo ni kwamba ukivuka mpaka wake, hasa kwenye lenzi pana, giza halishuki sawasawa bali linajikusanya na kuchora X katikati ya picha. Nje ya kanisa bibi harusi kasimama na shela jeupe, mwanga mkali, mtoto wa dada anayejiita msaidizi wangu anaizungusha filta kwa sababu inazunguka. Ujumbe wa sauti ulifika jioni: “Nani kamfuta binti yetu? Mwalimu wa hesabu ndio huweka alama hiyo.” Upande wa bwana harusi nao waliiona. Kilihitajika kikao kidogo cha wazee.

Mambo ya ukumbini yakaja kuwa mengine kabisa. Kule hakuna jua la kuzuia, kuna umeme. Umeme wa Tanzania unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi zinapwita mara 100 kwa sekunde, haraka mno kwa jicho la binadamu. Kwa kamera si haraka. Siku hiyo yangu ilikuwa imerudi kwenye mpangilio wa nchi za mizunguko 60, kama Marekani: fremu 30, na kwa kufuata ile kanuni ya nusu, shata moja ya 60. Gawa 100 kwa 60 uone, haigawanyiki. Kila fremu inaondoka na kapwito kamoja na kipande, na kile kipande kinabadilika kila mara, hivyo ukutani inatokea mistari ya kivuli inayopanda kuelekea dari. Shangazi: “Ukuta wa ukumbi unapandisha ngazi. Ukumbi huo tusiurudie.”

(Wajapani, ambao ndio hututengenezea sehemu kubwa ya kamera hizi, wanaishi na shida hii nyumbani kwao. Miaka ya 1890 Tokyo walinunua mitambo ya umeme kutoka Ujerumani na Osaka wakanunua kutoka Marekani, na hadi leo mashariki ya nchi ni mizunguko 50, magharibi ni 60. Ungedhani watu wenye historia hiyo wangeweka onyo kubwa kwenye boksi.)

Kuigeuza kamera ije kwenye mfumo wetu ni kitufe kimoja tu kwenye menyu. Nilikifikia nikiwa ukumbini, MC anaita maharusi waingie, na kamera ikaniuliza kwa adabu kama nakubali kadi ifutwe kwanza. Kwenye kadi kulikuwa na ibada yote: viapo, pete, mama mzazi akilia. Nikakataa kwa vidole vinavyotetemeka, nikaacha fremu 30 na kuipeleka shata kwenye moja ya 100. Kapwito kamoja kamili kwa kila fremu, na ukuta ukatulia.

Jukwaa halikutulia. Mpambaji alikuwa amezungusha taa za LED za zambarau zilizopunguzwa makali, na taa za bei nafuu zikipunguzwa hazipungui kwa kweli. Zinajiwasha na kujizima kwa kasi yao wenyewe isiyojali umeme wa nchi yoyote. Kamera za kisasa zaidi zinaruhusu kuisogeza shata kwa desimali mpaka uikute kasi hiyo. Yangu inaruka kutoka 50 kwenda 60 kwenda 80. Nikamfuata fundi wa taa.

“Kaka, taa zako zinapepesa.”

Akazitazama. Akanitazama. “Kaka, umekula?”

Nilimwomba aziongeze hadi mwisho, kwa sababu taa hizo zikiachiwa nguvu zote aghalabu hukoma kujizima. Akakubali kwa huruma. Mistari ikaisha, maharusi wakawa biringanya.

Kuna na la pangaboi. Shangazi aliona kwenye video kwamba pangaboi la ukumbini linazunguka kinyume, akapata namba ya mwenye ukumbi na kumweleza kuwa mafundi wake wamechanganya nyaya. Hapa namtetea mwenye ukumbi, na hata shata naitetea. Kwenye pangaboi lenye mapanga matatu, kati ya fremu moja na nyingine panga linasogea kiasi kwamba lililo nyuma yake linakaribia mahali pake kuliko lenyewe lilivyotoka. Jicho linachagua njia fupi na kuona kurudi nyuma. Hiyo ni kazi ya fremu. Shata ndefu ingeweza kulifunika kwa ukungu kidogo, basi.

Upande wa pili wa kosa nao tumeuonja. Kwenye mkesha wa mwaka mpya mpwa wangu wa kidato cha nne aliichukua kamera, akaona giza, akaona pia kwamba ukiteremsha namba ya shata picha inang'aa. Akateremsha mpaka moja ya 8. Kamera yangu inaruhusu ujinga huo. Inabaki kurekodi fremu zilezile kwa sekunde ila inarudia picha moja mara kadhaa. Kila mtu akawa na mkia. Mikono ya kwaya inaacha moshi, mishumaa imekuwa kamba. “Wote wamelewa,” ikasema sauti kutoka Tabata, “hata mchungaji.”

Jambo linaloniuma ni kwamba wakati wa kurekodi video hakuna shata inayopiga. Kwenye kamera hizi pazia la chuma linabaki wazi muda wote, na ni kihisi tu kinachosomwa mstari kwa mstari. Ugomvi wote huu wa ukoo unahusu kitu kilicholala.

Siku hizi shangazi hunipokea getini na maagizo. “Shikamoo, shangazi.” “Marahaba, baba. Leo niwekee ile niliyoonekana mtu mzima mwenye adabu.” Ni moja ya 50, ND mbele, na ule ukungu mdogo wa mwendo unaosamehe mambo mengi ya umri. Namwambia nimeelewa.

Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao kingine, sendofu ya mdogo wake binamu. Ajenda ya matarumbeta ilipofika, shangazi akanyoosha mkono wa kwanza. Anataka kundi lilelile la juzi, na kwa masharti: aje yuleyule mpiga ngoma mwenye mikono mitatu, maana anajua kazi. Mjomba akaandika, akatafakari, kisha akauliza kama wale wanatoza kwa kichwa au kwa mkono.