Babu Maiko

Tangu alfajiri ya leo watoto wa Kiranjeranje wameliacha jina nililopewa na wazazi wangu. Hupita mbele ya baraza, husema kwa heshima kamili, "Shikamoo, babu Maiko," kisha hutimka, nami, maadamu shikamoo hairudishwi kwa bakora, hulazimika kuitikia marahaba.

Asili ya fedheha hii ni filamu iitwayo Halloween, kazi ya Mmarekani John Carpenter ya mwaka 1978, ambayo mpwa wangu alinipeleka kuitazama jana usiku katika kibanda umiza kilicho kando ya barabara kuu iendayo Lindi, akiniapia kwamba ni filamu ya kale, na vitu vya kale, mjomba, vina adabu. Mtafsiri, ambaye sauti yake hupandishwa juu ya maneno ya Kizungu, alikuwa ameuhamishia Nangurukuru mji ule wa kubuni wa Haddonfield, na muuaji akimwita Maiko tu, pasi na kinyongo. Hata binti Laurie alipomchoma Maiko kisu chake mwenyewe, mtafsiri akamsomea inna lillahi, nami nikashusha pumzi na kumwomba jirani karanga. Ndipo yule maiti, nyuma ya mgongo wa binti aliyejiketia mlangoni, akainuka kiwiliwili kizima, mikono haikugusa sakafu, kama mtu aliyeamshwa kula daku, akageuza uso kumtazama.

Nikapiga yowe.

Na yowe la huku kwetu lina sharia zake. Alisikiaye hutoka, ajapokuwa na tonge mkononi, na akitoka hutoka na silaha. Sharia hii haikutungwa na waoga: nguruwe mwitu huja mashambani usiku, simba huwafuata nguruwe, na mkulima aliyelala dunguni kulinda mahindi yake hujikuta baina ya mharibifu na mwindaji; tangu 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 500 katika Tanzania, na wengi wao walikuwa wa nchi hizi za kusini-mashariki. Basi karanga zilikuwa bado zinabingirika sakafuni, na kibanda kimekwisha kuzingirwa na wanaume wenye mapanga na marungu, pamoja na bibi mmoja aliyekuja na mchi, wote wakiuliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Kijana mmoja asiye na haya akaninyooshea kidole.

Asubuhi nzima nimemdadisi mpwa wangu, naye akanisomea katika simu yake mambo yaliyozidi kuniudhi. Kile kinyago cheupe kilichonitia kiwewe ni sura ya mwigizaji William Shatner, nahodha wa vyombo vya angani katika Star Trek, iliyonunuliwa dukani kwa dola zisizotimia 2, ikapanuliwa matundu ya macho na kupakwa rangi nyeupe. Majani makavu yaliyopeperuka barabarani yalikuwa ya bandia, yamepakwa rangi kwa mkono, kwa kuwa picha zilipigwa California wakati wa majira ya kuchipua, na baada ya kila onyesho waliyazoa ili wayamwage tena penginepo. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe kwa mapigo matano, aliyofundishwa na babake utotoni kwa ngoma za bongo. Sikio lililozoea manne hukuta pigo limezidi, likakosa pa kutulia, na moyo nao hufuata sikio. Damu, ajabu ya mambo, karibu haipo. Na Maiko hakimbii! Wanaomkimbia huanguka, naye hutembea kwa makini ya mtu aendaye kudai deni, na hufika.

Lakini liko jambo ambalo hakuna aliyelipigia kelele, wala mimi. Kabla Maiko hajachomwa kisu na kuinuka, Laurie alikuwa amekimbilia nyumba ya jirani, akagonga na kulia aokolewe. Taa ya baraza ikawashwa, jirani akachungulia dirishani, kisha akaizima. Hilo ndilo la kutisha katika filamu ile, na halikuhitaji kinyago. Nasi wa wilaya ya Kilwa, ambayo tangu 2004 gesi yake ya Songo Songo hupita bombani kwenda kuiangaza Dar es Salaam, wengi wetu hata taa ya kumzimia jirani hatuna. Waliokuja kuniokoa walikuja kwa kurunzi za simu, na mmoja wao alijikwaa akang'oka ukucha.

Njiani kurudi nilimpigia mbuzi magoti. Mke wangu hakufungua mlango mpaka nilipomtajia jina la mamake.

Adhuhuri amenijia mwenye kibanda, akanipa pole, akanywa uji wangu, kisha akatoa daftari. Wale wenye mapanga, asema, waliingia bila kiingilio, wakataka filamu irudishwe mwanzo, wakaitazama yote. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyewaita, hesabu yao ni juu yangu, na ya bibi mwenye mchi ni juu yangu pia, pamoja na soda aliyoiagiza.