Akina Kambale Mbele ya Seva

Itifaki ya HTTP, yaani kanuni zinazotumiwa na kivinjari na seva kuzungumza, iliundwa bila kumbukumbu, hivyo seva iliyopokea jina la mwombaji katika ukurasa wa kwanza humwona mgeni afikapo ukurasa wa pili. Usahaulifu huo ulipata dawa mwaka 1994, Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alipobuni kuki, yaani kipande kidogo cha taarifa ambacho seva hukiacha ndani ya kivinjari, na juu ya kuki kikajengwa kikao: objekti, yaani furushi la taarifa kama jina, tarehe ya kuzaliwa na orodha ya vyeti, hugeuzwa mfululizo wa herufi na kuhifadhiwa kwenye seva, hufufuliwa kila ukurasa uombwapo, na kivinjari hubaki na namba tu ya kulidai, kama jetoni ya mahali pa kuwekea mizigo.

Waliopanga hayo hawakuifikiria Kanyabayonga, mji wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Katika lugha ya PHP, isipobadilishwa, kikao kinachokaa sekunde 1,440, yaani dakika 24, bila ombi jipya huhesabiwa kuwa taka inayongoja kufagiliwa. Mwanafunzi anayejiandikisha chuoni kwenye kompyuta ya kulipia, akiulizwa namba ya kadi ya mpiga kura, ambayo nchini Kongo ndiyo kitambulisho cha wengi, humtuma mdogo wake nyumbani. Mdogo huyo akikuta njiani mvua, au mpira unachezwa, kadi hufika furushi likiwa limekwisha kufagiliwa, na seva, kwa adabu zote, humwuliza mwenye kadi jina lake.

Janga la pili lina ladha ya Kinande hasa, kwa kuwa Wanande, watu wa eneo hilo, huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, Paluku akiwa mtoto wa kwanza wa kiume na Kambale wa pili, na foleni isiyo na akina Kambale kadhaa ni nadra. Kambale wa kwanza akiondoka bila kufunga kikao, jetoni yake husalia ndani ya kivinjari. Anayemfuata huketi, husoma «Bonjour, Kambale», hufurahi kwamba mashine imemtambua, kisha hupakia diploma yake juu ya furushi la mwenzake. Printa ndiyo hutoa siri: picha ya huyu, asilimia za diploma ya yule, na jina la mama asiyejulikana na yeyote aliyepo. Seva haina kosa hapo, maana iliuliza namba, haikuuliza sura.

Kuzima skrini hakufuti kikao, kwa kuwa seva haioni skrini; anayeinuka kwenye kompyuta ya watu abofye kwanza Déconnexion, kitufe cha kufunga kikao, ndipo akalipe.