Barua ya Wazi kwa Wanaotukodisha Vinanda Tulivyonunua

Kamina, Haut-Lomami

Kwa Waheshimiwa ma-PDG wa Makampuni ya Programu za Muziki,
popote mlipo, maana risiti zenu hazina anwani ya nyumba wala jina la mtu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa korali ya parokia moja hapa Kamina, mji wa reli, penye njia panda ya treni za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Nimeshika kalamu ili niwashukuru. Mama mweka hazina wetu alidhani naandika malalamiko akaja na ya kwake. Nimemwomba asubiri barua ya pili.

Korali ilichanga pesa, wengine faranga, wengine mahindi tuliyoyauza sokoni, tukanunua programu ya kuandikia nota na kurekodia sauti. Jina la kampuni nalihifadhi. Mwenyewe akisoma atajitambua. Kitufe tulichobonyeza kilisema "Nunua". Maandishi madogo, ambayo padre aliyasoma kwa miwani yake ya misa hadi jasho likamtoka, yalisema tumeruhusiwa kutumia, na ruhusa hiyo mwenye kuitoa anaweza kuiondoa. Mama mweka hazina akauliza: "Mwalimu, hii kitu tuliinunua ao tuliikodi?" Nilimjibu kwamba ni fumbo, kama Utatu Mtakatifu, tuamini tu. Miezi michache baadaye toleo letu likafungwa, na lililokuja badala yake likawa la abonema: dola kila mwezi, kwa kadi ya benki, ambayo katika korali nzima hakuna aliye nayo. Sisi pesa zetu ziko kwenye simu.

Sikatai kwamba mnatujali. Kila baada ya muda programu hutaka intaneti ili mhakikishe hatujawa wezi tangu mlipotuuliza mara ya mwisho. Hapa umeme una ratiba yake ya siri, jenereta inakunywa mafuta kuliko shemeji kwenye harusi, na mega tunanunua kidogo kidogo. Jumamosi moja mtandao ulikuwa umelala, nayo programu ikagoma katikati ya mazoezi. Besi waliimba bila nota. Waliimba vizuri kuliko siku zote, lakini hilo si la kuwasifia ninyi.

Kuna kijana mwenye studio karibu na stesheni. Anatumia programu ileile na hakulipa hata senti. Yake imevunjwa kufuli, ilifika kwenye flashi. Haimuulizi yeye ni nani. Haihitaji mtandao, haijui mwisho wa mwezi, na Jumamosi inafunguka kama siku nyingine. Mmefanikiwa, waheshimiwa, kutengeneza bidhaa ambayo iliyoibwa ni bora kuliko iliyolipiwa. Aliyelipa anakaguliwa kila mara. Aliyeiba anaachwa afanye kazi yake kwa amani. Nimejaribu kuitafutia mahubiri hali hii, nimeshindwa.

Msidhani lakini kwamba sisi ni wageni wa biashara yenu. Mnamo Septemba 2020 serikali yetu ilianzisha RAM, rejista ya simu za mkononi, na pesa zikaanza kukatwa kwenye uniti za watu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, dola 1 kwa ile ya 2G. Yaani simu umeshainunua, imo mfukoni mwako, na bado unailipia ili iendelee kuwa simu. Watu walipiga kelele barabarani, wabunge nao wakapiga zao, na mwanzoni mwa 2022 RAM ikafutwa. Serikali yenye polisi na jeshi ilirudi nyuma. Ninyi hamna hata mgambo mmoja hapa Kamina, na bado mnalipwa. Isipokuwa wenzenu wa Waves, ambao Machi 2023 walitangaza kwamba programu zao haziuzwi tena, zinakodishwa tu. Wanamuziki wakawaka moto, na baada ya siku chache tu mauzo ya kawaida yakarudishwa. Kinshasa ilihitaji zaidi ya mwaka kufikia busara hiyo.

Halafu Finale. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuiacha programu hiyo ya nota baada ya miaka 35. Tangazo la kwanza lilisema kwamba mwaka mmoja mbele isingewezekana tena kuiwasha kwenye kompyuta mpya, hata kwa aliyekuwa ameilipia. Kelele zikawafanya walegeze. Fikirieni mwalimu wa kwaya aliyeandika humo misa zake zote tangu ujana. Misa ipo, Mungu yupo, ila ufunguo uko ofisini kwa mtu.

Na kompyuta zenyewe? Zetu ni za okazioni. Zimefika huku kwa sababu Ulaya toleo jipya la kitu fulani lilizikataa, zikatupwa zikiwa nzima. Tunazifuta vumbi, tunazifufua, kisha toleo jipya la kwenu linazifuata mpaka Kamina na kuziua mara ya pili. Wafaransa mwaka 2015 waliliita jambo hili kosa la jinai: kufupisha makusudi maisha ya bidhaa ili mteja anunue nyingine kunaweza kumpatia mtu kifungo cha miaka 2 na faini ya euro 300,000. Nawataarifu tu, kama mna likizo ya kwenda Paris.

Sasa nifikie shukrani zenyewe. Mmetufundisha kwamba kuuza si lazima kuwe kuuza, na Kamina nayo ina bidhaa ya muziki iliyowahi kuitoa kijinga. Mwaka 1958, katika misheni ya hapa hapa, watoto wa shule na walimu wao, wakiitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, waliimba Missa Luba chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji: Kilatini cha Kanisa juu ya midundo ya kwetu. Mwaka huohuo walikwenda kuimba Ulaya. Philips wakatoa santuri. Santuri hiyo, waheshimiwa, ukiiweka leo kwenye gramafoni yoyote iliyo nzima, watoto wanaimba. Hawaulizi nywila. Mwenye nayo anaweza kumrithisha mjukuu, na mjukuu akasikiliza bure. Ni uzembe mkubwa wa kibiashara, nasi tunausahihisha kwa masharti haya mapya, ambayo kwa kuendelea kupumua mmeshayakubali.

Kila mwenye santuri ya Missa Luba atalipa kila mwezi. Asiyelipa, watoto watanyamaza kabla ya Hosana. Waliotumia Sanctus katika filamu ya *If....* ya Lindsay Anderson, mwaka 1968, wafahamishwe kwamba toleo lile halihudumiwi tena. Wale waimbaji waliokuwa na miaka kumi sasa wamepita sabini na tano. Toleo jipya limeshuka oktava nzima na lina kikohozi.

Kuhusu kobalti iliyomo kwenye betri za mashine mnazoandikia programu zenu: zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka nchini kwetu, kwa majirani zetu wa Kolwezi na Likasi, ambao hadi 2015 tulikuwa nao mkoa mmoja wa Katanga. Mlidhani mliinunua. Someni maandishi madogo: ilikuwa kipindi cha majaribio.

Tunawasamehe watu wawili, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, na warithi wao. Mwaka 1983 walileta MIDI, lugha ya vinanda kuzungumza na vinanda, wakakubaliana kila kampuni iitumie bila malipo. Kinanda cha mwaka ule, ukikipatia waya wake, hadi leo kinazungumza na kompyuta ya juzi. Mwaka 2013 walipewa Grammy ya ufundi. Mnaona kwamba mtu anaweza kufanya hivyo na asife njaa. Lakini najua mna wanahisa.

Malipo hayapokelewi kwa kadi. Aidha, ili kuhakikisha kwamba hamjageuka wezi, kila baada ya siku 30 mtafika wenyewe, kila mmoja na kitambulisho chake, mbele ya mama mweka hazina hapa parokiani, Jumamosi baada ya mazoezi. Njooni kwa treni kutoka Lubumbashi. Siku ya kuondoka mtaiuliza stesheni. Ya kufika msiulize. Mkichelewa, akaunti inafungwa, na mnaanza upya.

Wenu katika nota,

Mwalimu wa korali